Fundi wa Mbio za Magari: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua za safari hii zimetoka Busia, Arua, Mbale na kwingineko, na nyingi zinaulizia kazi ya fundi katika rali: inafanywaje, inaanzwaje, na kwa nini magari yaliyotengenezwa vizuri bado yanakwama porini. Tunaamini kwamba mbio nyingi hupotea ndani ya gereji wiki moja kabla, kwenye nati ambayo hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana majibu yetu mengi yanarudi kwenye ukaguzi.

Shikamoo mhariri. Nina gereji ndogo hapa Mbale. Timu moja ya rali imenialika niwe fundi wao wa tano, na sijawahi kufanya kazi kwenye uwanja wa sevisi, pale timu inapolitengeneza gari katikati ya mbio. Zile dakika 30 za matengenezo mnazigawanaje?

Marahaba, fundi. Kazi huanza gari likiwa bado njiani. Mwelekezi, anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, hupiga simu wakiwa kwenye barabara ya kuunganisha na kutaja kasoro: usukani unavuta kushoto, breki inazama, gia ya tatu inaruka. Fundi mkuu huandika, hugawa kazi na kutoa spea garini. Turubali liwe limeshatandikwa ili oili isimwagike ardhini. Jeki, stendi nne na kizima moto viwe mahali ambapo mtu anavifikia bila kuruka miguu ya mwenzake.

Dakika mbili za kwanza ni za kuinua gari, kuweka stendi na kuvua matairi. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde tano. Mafundi wawili wanachukua mbele, wawili nyuma na chini, naye fundi mkuu hashiki spana. Yeye anashika saa na orodha. Dereva asikilizwe kwa dakika moja, kisha aende akanywe maji, kwa sababu dereva anayesimama pale akieleza steji nzima, yaani kipande cha njia alichokimbia kwa saa, huwachanganya watu.

Kufikia dakika ya 10 ukaguzi uwe umekwisha. Tingisha kila mkono wa chini, kila boljointi na kila tairodi. Pitisha mkono kwenye mipira ya jointi za CV, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, maana jiwe moja la murram hutosha kuupasua, grisi ikaruka na mchanga ukaingia. Tazama unene wa pedi, shokomzoba zinazovuja, paipu za breki na boliti za gadi ya chini. Kama tope limejaa kati ya gadi na enjini, litoe. Lina uzito na linaziba hewa inayotakiwa kutoka nyuma ya rejeta.

Kuanzia hapo hadi dakika ya 22 ni matengenezo. Kazi isiyoweza kwisha kufikia dakika ya 22 usiianze bila kumuuliza fundi mkuu. Dakika tano zinazofuata ni za matairi, oili na maji. Mwisho washa enjini, mtu mmoja alale chini kutazama kama kuna kinachodondoka, gari litoke.

Kuna hesabu ambayo timu changa huisahau. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kuchelewa kwenye kituo cha muda, pale saa ya kufika inapoandikwa, kunagharimu sekunde 10 kwa kila dakika, na kuwahi kunagharimu dakika nzima kwa kila dakika. Ukichelewa dakika 4 umepoteza sekunde 40. Ukitoka na boljointi iliyokwisha, unaweza kupoteza gurudumu na mbio zote. Kwa hiyo kuchelewa kwa makusudi ni uamuzi halali, mradi usipite kikomo kilichoandikwa kwenye kanuni za nyongeza za shindano. Kanuni hizo zisome usiku wa kuamkia mbio, kwa sababu kila mwandaaji ana saa zake na mahali pake pa kujazia mafuta.

Neno moja kuhusu nati za magurudumu. Mashine ya upepo ni ya kufungulia. Kufunga ni kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, kwa mpangilio wa msalaba. Kwa nati za milimita 12 za Subaru na Lancer, kati ya Nm 100 na 110 inatosha. Kabla ya kuvika rimu, futa uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya. Tope au rangi nene iliyobaki pale hukandamizwa gari likikimbia, unene wake ukipungua mbano unakwisha, na nati inalegea ingawa ulifunga sawasawa. Ukishakaza boliti yoyote, ipige alama ya rangi. Fundi mwenzako ataiona bila kukuuliza.

Mteja wangu ana Lancer Evolution VI. Mkanda wa taimingi ulikuwa na miezi minne tu, umeruka, valvu zimepinda. Mwenzangu anasema spea ilikuwa feki. Ni kweli? (Fundi, Ndeeba, Kampala)

Inawezekana, lakini kabla hujarudi soko la spea la Kisekka kugombana na mtu, tazama mkanda wa pili.

Enjini ya Lancer hiyo, 4G63, ina mikanda miwili mbele. Mkubwa unazungusha kemshafti, zinazofungua valvu. Mdogo, uliojificha nyuma, unazungusha moja ya shafti mbili za kupunguza mtikisiko. Wengi hubadilisha mkubwa na kuuacha mdogo. Mdogo ukichanika, vipande vyake huingia chini ya mkubwa, mkubwa unaruka meno, na katika enjini hii valvu zikipoteza majira zinakutana na pistoni. Ukiokota nyuzi nyeusi ndani ya kava, umeshapata jibu.

Sababu ya pili ni oili. Sili ya mbele ya krenki, ya oili pampu na ya shafti ya mtikisiko zote ziko jirani na mikanda, na mkanda uliolowa oili hulainika na kuachana. Kwa hiyo kazi kamili ni mikanda yote miwili, tenshena inayoikaza, puli zake, pampu ya maji na sili zote za mbele kwa pamoja. Aliyeokoa pesa ya sili ndiye atakayenunua valvu 16.

Wakati wa kufunga kuna mtego. Shafti ya pili huzungushwa na oili pampu, na alama ya pampu inaweza kukaa mahali pake huku shafti ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Ondoa plagi iliyo ubavuni mwa bloku, ingiza bisibisi yenye shina la milimita 8. Ikizama milimita 60 au zaidi, uko sawa. Ikigota kwenye milimita 20 hadi 25, zungusha puli ya oili pampu mzunguko mmoja, upime tena. Ukilipuuza hili, enjini itatikisika na utaisingizia mabano ya enjini.

Tenshena ibanwe kwenye vaisi polepole, ikiwa imesimama wima, mpaka matundu yakutane na pini iingie. Ukishafunga kila kitu na kutoa pini, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, subiri dakika 15, kisha pima jinsi kichwa cha tenshena kilivyotokeza. Kinatakiwa kuwa kati ya milimita 3.8 na 4.5. Nje ya hapo, rudia.

Mafundi wengi wa mbio huziondoa shafti hizo kabisa ili mkanda mdogo usiwepo. Ni njia nzuri kwa gari la rali, lakini kutoa shafti na kuziba uwazi hakutoshi. Beringi zake zina tundu la oili, na lazima zigeuzwe ili tundu lifunikwe. Ukiliacha wazi, oili inamwagika humo bure, presha inashuka, na zitakazokufa ni beringi za krenki.

Nina miaka 19, nimemaliza S4, yaani kidato cha nne, huku Arua. Nataka kuwa fundi wa rali. Nianzie wapi, na kazi hii inalipa?

Mdogo wetu, anzia kwenye gari la kawaida. Timu haitakufundisha kushika spana. Itataka mtu anayejua tayari kubadili klachi, kufungua giaboksi na kufuatilia waya uliokatika. Vyuo vya ufundi viko katika kila kanda, na Nakawa, jijini Kampala, ni miongoni mwa vinavyojulikana kwa ufundi wa magari. Kama utajifunzia gereji, usikate tamaa kuhusu karatasi: nchi yetu ina mfumo wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Upime mapema. Siku timu ya nje itakapokuomba hati, hutakuwa na muda wa kuitafuta.

Chagua jambo moja uwe bora kuliko wengine. Kwa sasa nyaya na kompyuta ya enjini zina mafundi wachache, na kuchomelea kwa TIG pia. Mtu anayejua kusoma mchoro wa waya na kupima kwa mita, badala ya kubadili sensa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, hakosi kazi.

Njia fupi ya kuingia ni motokrosi. Huko Busiika na Garuga, pikipiki moja mara nyingi ina fundi mmoja, kwa hiyo unagusa kila kitu. Utajifunza haraka kwamba filta ya hewa ndiyo maisha ya enjini. Ile ya sponji ioshwe kwa dawa yake au mafuta ya taa na sabuni, wala si petroli, kwa sababu petroli huyeyusha gundi ya mshono. Ikamue kwa kuibana viganjani, usiisokote. Ikauke kabisa, iloweshwe oili ya filta hadi rangi ienee sawa, na ukingo wake upakwe grisi ili vumbi lisipite pembeni. Beba filta tatu au nne zilizo tayari kwa siku ya mbio. Baadaye, kwenye gari, fanya jaribio hilohilo: pitisha kidole ndani ya paipu baada ya filta. Kidole kikitoka chekundu, ringi za pistoni zinasagwa.

Kuhusu malipo, tuseme wazi. Mafundi wengi wa rali nchini hawaishi kwa rali peke yake. Hulipwa kwa shindano, na siku za kati hutengeneza magari ya wateja. Kabla ya kukubali, elewaneni kwa maandishi: malipo ni ya siku ngapi, usiku wa maandalizi umo au haumo, nani analipa chakula, kitanda na usafiri, na nani atalipa hospitali ukiumia. Kijana anayeona aibu kuuliza hayo hufanya kazi siku tisa akalipwa mbili.

Ulinde pia mwili wako. Vaa glavu za nitraili, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi. Vaa miwani ukiwa chini ya gari na vizuia sauti enjini inapopimwa. Vumbi la breki na klachi usilipulize kwa upepo, lilowanishe ulifute.

Ukifika mbali, viwanda vya timu kubwa za rali viko Ulaya: Toyota huko Jyväskylä nchini Finland, Hyundai huko Alzenau nchini Ujerumani, M-Sport huko Cockermouth nchini Uingereza. Lakini mlango wa karibu ni Naivasha nchini Kenya, ambako Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Magari ya Rally2, daraja la pili kutoka juu, sasa yanaonekana mara nyingi kwenye rali za Afrika, na fundi wake hufanya kazi kwa daftari: kila giaboksi, kila jointi na kila boliti muhimu ina kilomita zake za kuishi, ikifika inatolewa hata kama inaonekana nzima. Anza daftari hilo leo, hata kwa bodaboda.

Subaru Impreza ya turbo inachemsha kila baada ya steji ndefu. Nimesafisha rejeta, nimetoa themostati kabisa, bado. (Fundi, Busia)

Irudishe themostati kwanza. Kwenye enjini za EJ, kama ya Impreza yako, themostati inakaa upande wa maji yanayoingia kwenye pampu, na ikiwa wazi kabisa hufunga pia njia ya pembeni. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye enjini bila kupita kwenye rejeta. Weka ya asili. Zile ndogo za bei rahisi hupitisha maji machache.

Kisha badilisha kepu ya rejeta. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kepu ya bar 1.1 huyapeleka hadi karibu 120. Kepu iliyochoka inakunyima nyuzi zote hizo. Tumia kulanti kwa nusu, maji safi kwa nusu. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu, nasi Uganda hatuna. Kulanti inazuia kutu ndani ya hedi za aluminiamu na kupandisha kiwango cha kuchemka, basi ina kazi hata hapa.

Rejeta yenyewe ioshwe kutoka upande wa enjini kwenda mbele, kwa presha ndogo, ili tope litoke lilikoingilia. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi, na rejeta iliyolala mapezi haipitishi hewa. Jaza maji polepole, pua ya gari ikiwa juu, na skrubu ya kutolea hewa ikiwa wazi.

Ukishafanya hayo yote, tazama chupa ya akiba enjini ikiwa moto na inakanyagiwa mafuta. Mapovu yanayokuja bila kukoma ni gesi ya silinda, yaani gasketi ya hedi imepasuka. Hapo hakuna dawa ya kumimina. Enjini ishuke, hedi zipimwe kama zimepinda.

Binti yangu anataka kusomea ufundi wa magari na anataja hata rali. Jirani zangu hapa Jinja wanasema nguvu hatakuwa nazo. Mnasemaje?

Mama, mwache asome. Nguvu katika kazi hii ni urefu wa mpini. Kukaza nati kwa Nm 110 kwa mpini wa nusu mita kunahitaji msukumo wa kama kilo 22, na kwa mpini wa mita moja, nusu ya hapo. Giaboksi hata mwanaume mwenye busara haibebi kifuani; inashushwa kwa jeki yake. Kwenye usukani, Susan Muwonge ameshindana na wanaume katika rali zetu na heshima yake inajulikana. Kitu cha kuhakikisha ni mazingira: chuo au gereji yenye choo na mahali pa kubadilishia nguo, na timu ambayo inaeleza mapema mafundi watalala wapi wakiwa safarini.

Breki inazama katikati ya steji, ikifika sevisi iko sawa. Tumetoa hewa mara tatu. (Fundi, Mbarara)

Mwulize dereva swali moja: akikanyaga mara ya pili, pedali inarudi juu na kuwa ngumu, au inabaki laini?

Ikirudi juu, tatizo ni habu. Beringi yenye mlegeo huiacha diski iyumbe kwenye mashimo, diski inasukuma pedi na pistoni za kalipa nyuma, na kanyago la kwanza linatumika kuzirudisha. Shika tairi juu na chini, litingishe.

Ikibaki laini, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na kiwango cha chini kinachokubalika yakishalowa ni 155 tu. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa mbio, mwaga yote kabla ya kila shindano, na chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita usiitumie. DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hizo. Mpangilio wa kutoa hewa ufuate kitabu cha gari lenyewe, maana si kila gari linaanza na gurudumu la mbali.

Babu yangu husema Safari Rally ilikuwa inapita Uganda. Ni kweli? (Msomaji, Bombo)

Ni kweli. Ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara tano: 1973, kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Naye Charles Muhangi alileta ubingwa wa rali wa Afrika nyumbani mwaka 1999. Kwa fundi, zama za Mehta zilikuwa kazi nyingine kabisa: magari ya sevisi yalikimbia kulivizia gari la mbio kando ya barabara, spea zikiwa juu ya keria. Leo gari linakuja kwenu, na saa inawasubiri.

Naruhusiwa kutoboa rolikeji ili nifunge kizima moto? (Fundi, Masaka)

Hapana. Rolikeji ni kizimba cha mabomba kinachowalinda waliomo garini, na bomba lililotobolewa limepoteza nguvu mahali hapo, na mkaguzi akiliona gari halianzi. Mabano ya kizima moto yafungwe kwenye bodi, na kanuni ya FIA inataka yastahimili mshtuko wa g 25, yaani mara 25 ya uzito wa kizima moto, yakiwa na mikanda miwili ya chuma inayofunguka haraka. Ile ya plastiki inayokuja na kizima moto cha dukani haifai. Kizima moto chenyewe kikaguliwe kila baada ya miaka miwili, tarehe iandikwe juu yake.

Ukiwa humo ndani, soma lebo ya mikanda ya viti. Mwaka wa mwisho wa matumizi umechapishwa. Boliti za mikanda ziwe za daraja 8.8 au zaidi, za M12 au za inchi 7/16. Gari likishapata ajali kubwa, mikanda ibadilishwe hata ikionekana mipya, kwa sababu utepe ulivutika ulipomshika mtu na hautavutika hivyo mara ya pili. Mikanda hiyo usimuuzie wala kumpa mtu. Ikate kwa mkasi kabla ya kuitupa.